Mashine ya ami yako: goroli inakwenda kwa amri ya nani?

Swali

Assalaam alaykum Fundi, na shikamoo. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, Pemba. Ami yangu, Mungu amrehemu, alirudi kutoka Uingereza na kontena la vitu, na ndani yake mlikuwa na mashine kubwa ya kuchezea goroli, ile yenye kioo juu na vibawa viwili vya kupigia. Kichwani imeandikwa Bally na Eight Ball, na penye kutilia pesa pana maandishi ya 10p. Ipo stoo miaka mingi chini ya turubai. Kaka zangu wanataka kuwapa watu wa skrepa, lakini mimi namkumbuka ami akiicheza tulipokuwa wadogo na roho yangu haitaki. Naweza kuichomeka nione kama inawaka? Na ikipona, vijana wa mtaani wanaweza kushindana juu yake? Jirani yetu anasema mashine hizi ni kamari tupu, goroli inakwenda inakotaka yenyewe.

Jibu

Wa alaykum salaam, mwanangu, na marahaba. Usiichomeke. Nalitanguliza hilo kwa sababu huenda unayasoma haya umesimama karibu nayo na waya uko mkononi. Sababu yake nitaieleza huko mbele.

Kabla sijafungua kibanda changu cha ufundi hapa Mlandege, nilizitengeneza mashine hizi miaka 11 katika kumbi za michezo za Dubai. Wanaonijia kuuliza habari za pinboli, ndilo jina la mchezo huu, huuliza bei kwanza. Wewe, kupitia kwa jirani yako, umeuliza jambo kubwa kuliko bei: goroli inakwenda kwa amri ya nani? Nitaanza na hilo, maana jibu lake ndilo litakaloongoza kila skrubu nitakayokwambia uifungue.

Jirani yako amesema kweli, ila ni kweli ya miaka ya 1930. Pinboli imezaliwa na mchezo wa bagatelle wa Ulaya, ambao goroli ilisukumwa kwa fimbo juu ya ubao wenye misumari. Mwaka 1871 Montague Redgrave, huko Cincinnati, Marekani, alipata hataza ya kuirusha goroli kwa springi, na ule mkono wa springi unaouona upande wa kulia wa mashine yenu ni mjukuu wa ule wake. Mwaka 1931 kampuni ya Gottlieb ya Chicago ikatoa Baffle Ball, na mwaka 1932 ikatoka Ballyhoo, mashine ndogo ya mezani iliyoipa kampuni ya Bally jina lake. Mashine za wakati huo hazikuwa na vibawa. Ulivuta springi, ukaachia, kisha ukasimama unatizama goroli ikigonga misumari mpaka iingie shimo lake. Baadhi yake zilitoa pesa. Ndiyo maana New York ilizipiga marufuku mwaka 1942, na Meya Fiorello La Guardia akapigwa picha akizivunja kwa nyundo.

Kilichobadili mambo ni kibawa, ambacho sisi mafundi tunakiita flipa. Mwaka 1947 Harry Mabs wa Gottlieb aliweka flipa 6 kwenye mashine iitwayo Humpty Dumpty, tatu kila upande. Tangu hapo goroli iliyokuwa ikishuka kupotea iliweza kurudishwa juu na mtu. Sheria ya New York hata hivyo iliendelea kuishi. Ilipofika 1976, kijana mmoja mwandishi, Roger Sharpe, aliitwa mbele ya baraza la mji, mashine ikawekwa ukumbini, akacheza huku akieleza anachokifanya. Mwisho akatamka kabla ya kuvuta springi kuwa goroli itapita kichochoro cha katikati, na ikapita. Marufuku ikaondoshwa. Sharpe mwenyewe baadaye alikiri kuwa mpigo ule ulikuwa na bahati ndani yake, na mimi namheshimu zaidi kwa kulikiri hilo. Mashine ya ami yako ni ya toleo la 1977, mwaka mmoja tu baada ya siku ile.

Sasa nami nina langu la kuongeza, na nalisema kwa kuwa nimeliona kwa macho. Pinboli iliyo nzima ni mchezo wa ustadi. Pinboli mbovu inarudi kuwa bahati nasibu. Chukua bodi ya keram: ikiwa sawa na imepakwa unga, bingwa atamshinda mwanafunzi mara tisa katika kumi. Ipinde bodi hiyo, imwagie chai, kisha uwaite tena wale wale. Utaona mwanafunzi anashinda na bingwa anagombana na ubao. Kwa hiyo ukitaka kumjibu jirani yako, itengeneze mashine kwanza, halafu mwite acheze.

Turudi kwenye umeme. Maandishi ya 10p yanaonyesha mashine ilikuwa ikifanya kazi Uingereza, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa transfoma yake imefungwa kwa volti 240, na umeme wetu wa volti 230 hautaidhuru. Lakini usiamini sarafu. Sarafu hubadilishwa, na mashine za Bally zilitoka Marekani ambako umeme ni volti 120. Tafuta kibandiko nyuma ya mashine, halafu fundi aangalie waya za kuingilia kwenye transfoma zimeunganishwa kwenye vituo vipi. Transfoma hizo zina vituo kadhaa kwa ajili ya nchi mbalimbali. Mashine iliyofungwa kwa 120 ikichomekwa kwenye soketi ya Wete itatoa moshi kabla hujafika mlangoni. Na siku ya kuiwasha, iwashe kupitia stabilaiza. Friji gadi huzima umeme unapopanda au kushuka mno, lakini haiusawazishi, na bodi za 1977 hazipendi kutikiswa.

Hilo la volti ni la dakika kumi. Kinachoziua mashine hizi ni betri.

Fungua kichwa cha mashine. Ndani utaona bodi za elektroniki, na moja kati ya hizo imebeba betri ndogo ya volti 3.6 iliyolehemiwa papo hapo juu ya bodi. Hiyo ndiyo bodi ya ubongo, yenye prosesa ya aina ya 6800 ya Motorola. Kazi ya betri ni kukumbuka alama za juu na hesabu za mapato mashine inapozimwa, basi. Lakini betri ya aina ile ikizeeka inatapika. Maji yake yanatambaa kwenye njia za shaba, yanapanda juu ya miguu ya vipuri, yanaingia ndani ya soketi, na kwa hewa yetu yenye chumvi kazi hiyo haisiti mchana wala usiku. Ukiona unga wa kijani au mweupe karibu na betri, ndiyo hayo. Hata kama huoni kitu, ikate leo. Tumia koleo kali, kata miguu yake miwili, itoe nje ya nyumba. Mashine itacheza bila betri, kwani mipangilio yake mikuu inakaa kwenye vijiswichi 32 vilivyo juu ya bodi hiyo hiyo na haitegemei betri.

Penye unga, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, sugua kwa mswaki laini mpaka povu liishe, suuza kwa maji safi, kisha pitisha spiriti na uiache ikauke kivulini siku mbili. Siki inahitajika kwa sababu kilichomwagika ni alkali, na alkali usipoituliza itaendelea kula hata baada ya kulehemu upya. Ikiwa njia za shaba zimeliwa, hapo si kazi yako tena. Ing'oe bodi peke yake, ifunge kwa karatasi ya alumini, wala si mfuko wa plastiki, maana plastiki hutengeneza umeme tuli unaoua vipuri, unitumie kwa boti. Wako pia watu Marekani na Ulaya wanaotengeneza bodi mpya za kuchukua nafasi ya hizi, kwa hiyo hata ikiwa imeoza kabisa, mashine haijafa.

Jambo la hatari ni hili. Zile namba za rangi ya chungwa kichwani zinaendeshwa kwa takriban volti 190, na umeme huo unaweza kubaki ndani ya kapasita, kile kipuri kinachohifadhi umeme, baada ya waya kuchomolewa. Usimwachie kijana wa simu aingize mkono. Mtafute fundi aliyezoea TV za chogo. Yeye anajua kapasita inatolewaje umeme kabla ya kuguswa.

Akishamaliza ukaguzi wa fyuzi moja moja na plagi za waya (pini nyingi utazikuta zimeungua au zimeota kutu, na dawa yake ni kuzibadilisha, kuzibana hakusaidii), ndipo iwashwe. Hapo mtizame taa ndogo nyekundu juu ya bodi ya ubongo. Itatoa mwako mmoja wa haraka, kisha ipepese mara 7. Kila mpepeso ni mtihani mmoja uliofaulu. Ikiganda baada ya 6, tafuteni volti 43 za koili, zile waya zilizozungushwa zinazosukuma flipa, mara nyingi ni fyuzi. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, ubongo haujaamka. Mimi bado hujisikia furaha ya mtoto ninapouona mpepeso wa saba kwenye mashine iliyolala miaka 20.

Sasa flipa, ambazo ndizo zinazoipa mikono yako mamlaka. Ndani ya koili ya kila flipa mna waya mbili zilizozungushwa: moja nene yenye nguvu ya kupiga, moja nyembamba ya kushikilia. Unapobonyeza kitufe, nguvu yote inapita kwenye nene. Flipa ikifika juu, inasukuma swichi ndogo, swichi inafunguka, na umeme unalazimika kupita kwenye ile nyembamba, ili uweze kuishikilia flipa juu bila kuiunguza. Swichi hiyo ikichafuka, umeme wa kupigia haupiti vizuri na flipa inakuwa goigoi. Ikikwama bila kufunguka, koili inaungua. Kwa hiyo flipa dhaifu isikufanye ukanunue koili mpya. Safisha swichi hiyo kwa tupa ndogo, rekebisha pengo lake, kagua vitufe vya pembeni na kile kipande cha plastiki kinachounganisha chuma na flipa.

Lakini tupa hiyo iishie hapo. Swichi nyingine zote za uwanjani, yaani kwenye ule ubao goroli inapotembea, ni za umeme mdogo na zina mpako mwembamba wa dhahabu. Ukizipitishia tupa umeziua. Chukua kadi ngumu ya karatasi, ibane kati ya ncha mbili, ivute taratibu. Inatosha.

Pete za raba uwanjani lazima zimekauka. Agiza seti nzima kwa jina la mashine. Niliwahi kukata tyubu ya baiskeli kuziba pengo nikisubiri mzigo, na nikajifunza kwa nini haifai: goroli iligonga ikafa palepale, na wachezaji wakaanza kulaumu bahati. Goroli nayo ibadilishe. Yake ina kipenyo cha karibu milimita 27 na uzito wa takriban gramu 80. Gereji watakupa iliyotoka kwenye beringi ya lori, na huenda ikawa na kipenyo hicho hicho, lakini goroli yenye vidonda ni msasa unaotembea juu ya rangi. Unataka iliyong'aa kama kioo. Uwanja wenyewe ni mbao iliyopakwa rangi, kwa hiyo usiuoshe kwa maji. Futa vumbi, paka nta ya gari isiyo na chembe za kusugulia, sugua kwa fulana ya zamani. Kile kioo cha kichwani chenye picha, upande wake wa nyuma usiuguse hata kwa kitambaa kikavu. Picha ni rangi iliyopakwa nyuma ya kioo, na unyevu umeshailegeza. Nimeona picha nzima ikibanduka kwa mpanguso mmoja wa mtu aliyekusudia mema.

Mwisho wa matengenezo, iweke sawa. Pima maji iwe sawasawa kutoka kushoto kwenda kulia, juu ya uwanja wenyewe, maana sanduku linaweza kuwa limepinda. Kisha inyanyue nyuma. Mashine za kisasa huwekwa mwinamo wa digrii 6.5. Kwa umri wa hii mimi huanzia kama digrii 5, halafu naipandisha kidogo kidogo mpaka goroli iache kuzurura. Miguu ina skrubu za kurekebishia. Iweke juu ya visahani vya chuma kwa sababu ya mchwa, na uitenge na ukuta unaotoa jasho wakati wa masika.

Hapo sasa mwite jirani.

Asiyezoea mchezo huu hujulikana mapema. Goroli ikishuka anabonyeza vitufe vyote viwili pamoja, mfululizo, na kila anapofanya hivyo anapanua pengo la katikati ambalo goroli inalitafuta. Ustadi wa kwanza wa pinboli ni kuisimamisha goroli. Inapokuja ikiteleza kwenye kichochoro cha ndani, kile kinachoileta kwenye flipa, nyanyua flipa na uishikilie. Goroli itapanda kidogo, itarudi, italala kwenye kona ya flipa. Umeikamata. Pumua. Sasa wewe ndiye unayeamua. Ukiachia, itaanza kuteremka juu ya flipa. Ukiipiga ingali karibu na shina, inapanda wima. Ukisubiri mpaka karibu na ncha, inakata kwenda upande wa pili. Tofauti kati ya shabaha mbili ni sehemu ndogo sana ya sekunde, na mkono huijua kwa kurudia kama unavyojua kupima chumvi ya mchuzi.

Ustadi wa pili unawapa taabu vijana kuliko wote: kutofanya kitu. Goroli inakuja kwa kasi kwenye flipa ya kushoto. Usibonyeze. Iache idunde juu ya raba, itavuka yenyewe kwenda flipa ya kulia, na hapo utaikuta imepungua kasi, uikamate. Wakishaweza hilo, wafundishe kuishusha flipa palepale goroli inapoigusa, kama mtu anayepokea yai lililorushwa. Mwendo wote unafia mkononi.

Na ustadi wa tatu ni kuisukuma mashine. Ndiyo, inaruhusiwa. Goroli inapoelekea kichochoro cha pembeni, kile kinachoipoteza, msukumo mdogo wa kiganja unaweza kuibadilishia njia. Lakini ndani ya sanduku, upande wa kushoto karibu na mlango wa sarafu, muna timazi, sawa na la waashi, linaning'inia katikati ya pete ya chuma. Ukitikisa kupita kiasi timazi linagusa pete, flipa zinakufa, na goroli hiyo umeipoteza. Wazo la kuwazuia wachezaji wasiitikise mashine ni la Harry Williams, mmoja wa mabwana wakubwa wa kazi hii, na ni la miaka ya 1930. Mchezaji mzuri anajua timazi lake lina nafasi kiasi gani, na anajua pia kwamba likishaanza kuyumba, msukumo wa pili huwa mkubwa kuliko unavyoudhania. Kwa hiyo anasukuma, halafu anasubiri litulie.

Kwa hayo utaona kwa nini wale wale hushinda mwaka baada ya mwaka. Keith Elwin, bingwa wa dunia mara kadhaa, ana mikono inayoikamata goroli ambayo mimi ningeshaiaga. Baadaye akageuka kuwa mbunifu wa mashine katika kampuni ya Stern, na Godzilla yake ya 2021 inapendwa sana na wachezaji. Wachezaji wa dunia nzima hupangwa kwa pointi na shirikisho linaloitwa IFPA, ambalo linaongozwa na Josh Sharpe, mtoto wa yule Roger wa New York.

Mashindano ya Wete hayahitaji zaidi ya mashine moja. Eight Ball inabeba wachezaji 4, na mtindo unaotumika sana ni huo wa makundi ya watu wanne: wa kwanza pointi 7, wa pili 5, wa tatu 3, wa nne 1. Chezeni raundi nyingi mkibadilisha watu na zamu. Zamu ina uzito, kwani anayecheza mwisho anajua anahitaji alama ngapi, na anayetangulia hajui. Wakiwa wachache, tumieni mapigo matatu: anayeshindwa raundi anaandikiwa pigo, na wa tatu unamtoa. Wekeni goroli 3 kwa kila gemu, hata kama vijana watalilia 5. Kuna mambo ya kukatazwa tangu siku ya kwanza: kuigonga mashine kwa nguvu ili kuirudisha goroli iliyokwisha kupotea, na kucheza zamu ya mwenzako. La pili lihesabiwe gemu ya sifuri, hata kwa aliyesahau, la sivyo mtagombana. Namba zake ni za tarakimu 6 tu, akizivuka mtu zinaanza upya, kwa hiyo mwenye daftari awe macho.

Mashine hii inanogesha ushindani kwa jambo moja. Humo unakusanya mipira ya pul yenye namba, na mwisho ule wa nane. Mashine nyingi za kabla yake zilisahau kazi yako kila ulipopoteza goroli. Eight Ball inamkumbuka kila mchezaji kwa zamu yake, kwa hiyo mtu anaweza kuanza vibaya akajenga polepole. Utaona baraza zima linahesabu mipira ya mwenzao kwa sauti.

Kuhusu kamari, hukumu ya dini waulizeni masheikh wenu. Mimi ni fundi tu. La kiufundi ninaloweza kukwambia ni kwamba mashine hii haitoi pesa na haina mahali pa kuzitolea. Inachotoa kwa alama za juu ni gemu ya bure, na hiyo nayo inazimika. Na ushauri wangu wa mtu mzima: msiweke dau, hata la soda. Mlango wa sarafu unaweza kubaki umefungwa siku zote. Mashine ya enzi hii haina mpangilio wa kucheza bure, lakini fundi atawawekea kitufe kwenye swichi ya sarafu, mkibonyeza inahesabu kana kwamba 10p imeingia.

Kuna thamani ya kuiuza? Ukweli ni kwamba Eight Ball si adimu. Zilitengenezwa 20,230, na hakuna iliyozidi hapo miongoni mwa mashine za elektroniki mpaka The Addams Family ya 1992 ilipofika 20,270. Wakusanyaji wanaitafuta, lakini gharama ya kuitoa Pemba itakula faida. Wingi huo una kheri yake kwako: vipuri vyake vinapatikana. Na kwenye skrepa mtapata bei ya chuma, hali sehemu kubwa ya sanduku hilo ni mbao.

Kwa hiyo waombe kaka zako wiki moja. Kata betri. Piga picha ya bodi mbele na nyuma, picha ya transfoma penye waya za kuingilia, na ya kibandiko cha nyuma, unitumie. Usimruhusu mtu kuinyanyua mashine peke yake, ina zaidi ya kilo 100, na kichwa kifunguliwe boliti zake kabla ya kupita mlango. Na angalia chini ya sanduku, ndani, ukishafungua mlango wa sarafu. Mara nyingi mwenye mashine huacha humo funguo, fyuzi za akiba na karatasi ya mchoro wa waya. Ikiwa ami yako aliiacha karatasi hiyo, ndiyo ya kwanza kunitumia.